Gari Lililotumika na Fedha ya Nyumba

Hapana mtaa mjini Singida siku hizi usiokuwa na nyumba ambayo mlangoni pake pamesimama gari dogo lililoinuka, la namna ya Toyota RAV4, au Nissan X-Trail, au Suzuki Escudo, au Honda CR-V. Ndiyo magari wayatakayo watu wa mapato ya katikati: waalimu, wauguzi, wenye maduka, na wakulima wa alizeti na vitunguu waliojaliwa msimu mwema. Hayali petroli kama Landcruiser, wala hayakwaruzi tumbo katika njia za vijijini kama magari madogo ya mjini. Bei ya kuyanunua husemwa barazani kwa sauti, na pongezi hutolewa. Lakini gharama zijazo baadaye husemwa kwa kunong'ona baina ya mume na mke, usiku, watoto wamekwisha lala. Nimeona yafaa nieleze yale niliyoyaona katika gari letu sisi, na niliyoyapata kwa mafundi, kwa kuwa fedha ya nyumba ni haki ya watu wote wa nyumba, na gari laweza kuila kidogo kidogo pasipo mtu kumwona mlaji.

Kwanza tujue magari haya yatokako. Karibu yote hutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika huko. Wajapani hupita upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao u kulia, basi gari lao laingia katika barabara zetu bila kubadilishwa chochote. Tena kwao uko ukaguzi wa lazima, ambao gari jipya huufikia baada ya miaka 3, na kisha kila baada ya miaka 2, nao una gharama zake. Ndipo wengi huona heri kuuza na kununua jingine. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Hapa Tanzania hatukukataza, ila mwenye kuleta gari la zamani huongezewa kodi kwa ajili ya uzee wake, mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa hivyo gari lifikapo Singida limekwisha kuwa na umri wa mtoto wa shule ya sekondari, na pengine limepita mikono mitatu minne Dar es Salaam na Dodoma kabla ya kutufikia. Mwenye kununua lililotoka Japani moja kwa moja na aiombe karatasi ya mnada, ile iandikwayo na wakaguzi wa huko, ambayo hueleza hali ya bodi, maili zilizokwenda, na kama gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Muuzaji mwenye karatasi hiyo hana sababu ya kuificha.

Sisi ndugu watatu, mimi na mdogo wangu wa kiume na dada yetu, tulichanga tukanunua RAV4 mwaka 2019 kwa shilingi 12,500,000. Toyota ilianza kuuza RAV4 mwaka 1994, ikatoa ya umbo la pili mwaka 2000, na ya tatu mwishoni mwa 2005. Letu ni la umbo la pili, lililotengenezwa mwaka 2003. Hatukulinunua kwa fahari. Mama yetu anakaa kijijini upande wa Shelui, katika wilaya ya Iramba, naye kila mwezi huhitaji kufika hospitalini mjini Singida kwa maradhi ya figo. Mabasi yapo, Alhamdulillahi, lakini mtu mzima wa miaka 74 kusimama kando ya barabara kuu tangu alfajiri, katika upepo wa kwetu huu, si jambo la kuliachia liendelee kama mtu ana uwezo wa kuliondoa.

Ajuaye njia hiyo anajua kwamba kutoka Shelui kuja Singida lazima upande mlima Sekenke, na kurudi lazima uuteremke. Madereva wa malori wanauheshimu mlima huo, na sababu yao wanaijua. Nataka vijana wetu waangalie jambo moja hapa. Dereva ateremkaye na mguu juu ya breki tangu juu hadi chini huzitia breki moto; na maji ambayo oili ya breki imeyanyonya kwa miaka mingi hugeuka mvuke ndani ya mabomba, kanyagio likashuka mpaka sakafuni, na gari lisisimame. Dawa yake ni mbili, nazo ni rahisi. Ya kwanza ni kuteremka na gia ndogo, hata katika gari lijibadililo gia lenyewe, kwa kuwa mkono wa gia una alama ya 2 na ya L ambazo watu wengi hawajapata kuzigusa tangu wanunue gari. Ya pili ni kubadili oili ya breki kila baada ya miaka 2, kazi ambayo kwetu haikuzidi shilingi 40,000. Pedi za mbele tulibadili kwa 55,000.

Baada ya lami kuna njia za udongo za kwenda vijijini, zenye mawimbi madogo madogo yatetemeshayo gari mpaka meno yakagongana. Huko ndiko ziliwako shokapu, bushi za mikono ya chini, boli jointi, beringi za magurudumu, na vile vyuma vyembamba ambavyo mafundi huviita linki za stabilaiza. Ukisikia mlio wa kugongagonga mbele, kama mtu abishaye mlango kwa kidole, usikubali kuambiwa mara moja kwamba shokapu nne zimekufa. Mara nyingi ni linki, nazo sisi tulizinunua mbili kwa 90,000, hali shokapu nne mpya zingalitutoa 480,000. Fundi mkweli huliinua gari, akashika gurudumu kwa mikono miwili juu na chini, akalitikisa, kisha kushoto na kulia, akakuonyesha kilicholegea kwa macho yako.

Vumbi nalo lina hesabu yake. Kitabu cha gari kiliandikwa kwa ajili ya barabara za Japani, hata muda wa kubadili chujio la hewa ulioandikwa humo si wa mtu wa Iramba wala wa Ikungi wakati wa kiangazi. Chujio lililojaa huinyima injini pumzi, nguvu zake zikapungua. Na chujio lililotoboka, au lililopulizwa kwa hewa ya nguvu mpaka likachanika, hupitisha mchanga mwembamba uendao kusaga kuta za silinda. Chujio jipya sisi tulilinunua kwa shilingi 25,000. Injini ni mamilioni.

Magari ya namna nyingine yana magonjwa yake, nami nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa sikuyamiliki. X-Trail za kwanza, za tangu mwaka 2000, husumbuliwa na sensa za kupimia mzunguko wa injini. Gari huzimika ghafula njiani, likapoa, kisha likawaka kana kwamba halina neno. Tena chujio la moshi lililo karibu na injini likichakaa huvunjika vipande, na unga wake waweza kuvutwa kurudi ndani ya silinda, ndipo injini ikaanza kula oili. X-Trail za baada ya 2007 zilizo nyingi zina giaboksi isiyokuwa na hatua za gia, iendayo kwa ukanda wa chuma. Hiyo hutaka oili yake maalumu, na mtu akiimiminia oili ya giaboksi za kawaida ameiua kwa mkono wake. Honda CR-V ikipigwa kona kali na kuguruma kwa nyuma, mara nyingi ni oili ya difu ya nyuma iliyochoka, au isiyokuwa ile waliyoiagiza watengenezaji. Escudo ya zamani ina chasisi ya chuma kama lori dogo, na kwa njia mbaya naiona kuwa ngumu kuliko hizo nyingine, ijapokuwa hula petroli zaidi. Haya ni maoni yangu, na wenye RAV4 wenzangu wataniwia radhi.

Katika RAV4 za umbo la pili zilizotoka Japani kuna injini mbili, na mwenye kununua na aulize ni ipi kabla ya kuuliza redio. Ndogo ni ya 1800, iitwayo 1ZZ-FE. Za miaka ya mwanzo zina pistoni ambazo matundu yake ya kurudishia oili ni madogo na machache. Yakizibwa na masizi, oili hupanda juu ikaungua pamoja na petroli, nawe waona moshi wa buluu asubuhi na kijiti cha oili kikavu kabla ya wakati. Kubwa ni ya 2000, iitwayo 1AZ-FSE, yenye alama ya D-4. Hiyo hunyunyiza petroli ndani ya silinda yenyewe kwa nguvu nyingi, isipitie juu ya vali za kuingizia hewa kama injini nyingine. Faida ni kula petroli kidogo. Hasara ni kwamba vali zile hazioshwi na petroli, masizi yakajikusanya, na gari likawa latetemeka lisimamapo. Tena pampu yake ya nguvu haipendi petroli chafu. Petroli ya chupa iuzwayo kando ya njia, yenye maji na mchanga, pikipiki huivumilia siku mbili tatu, lakini pampu hii haiivumilii.

Letu ni la D-4. Miaka miwili na zaidi lilikwenda vizuri, ila kusafishwa throto na kubadilishwa plagi. Mwanzoni mwa 2022, wakati lilipokuwa likikaa kwa mdogo wangu Singida mjini, nami nikifundisha Manyoni, maji ya rejeta yakaanza kupungua. Hapakuwa na tone chini ya gari. Akiongeza lita asubuhi, baada ya siku nne hupungua tena. Akalipeleka gereji moja, wakatoa tamosteti wakaitupa, wakasema magari ya nchi za joto hayahitaji kitu hicho. Gari likaendelea. Akalipeleka ya pili, wakabadili mfuniko wa rejeta, kisha rejeta yenyewe. Likaendelea. Ya tatu wakabadili pampu ya maji. Siku ya nne baada ya hapo, Mama akiwa ndani, gari likachemka katikati ya mlima Sekenke, na mvuke ukatoka chini ya boneti. Mama alikaa juu ya jiwe kando ya barabara saa tatu, akisubiri gari la kuvuta, na siku yake ya hospitali ikapita.

Nilipokuja nikazikusanya risiti na kuziandika katika daftari. Kutoa tamosteti 20,000, mfuniko 25,000, rejeta 260,000, pampu 140,000, ujira wa rejeta na pampu 80,000, kuvutwa 150,000. Jumla 675,000, na ugonjwa haujajulikana jina.

Nataka kusimama kidogo hapa, kwa sababu nadhani hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika magari haya, wala haimo katika orodha ya bei ya spea yoyote. Ni gharama ya kubahatisha. Tamosteti, mathalan, ni kilango kidogo kifungacho njia ya maji injini iwapo baridi, kikafunguka injini ifikapo joto la nyuzi kama 82. Kuitoa hakuponyi kuchemka kuliko na sababu nyingine. Kunaifanya injini ikawie kupata joto, ile petroli nyingi, na kusagika upesi. Na mfuniko wa rejeta, ambao watu huudhania kuwa kizibo tu, kazi yake ni kubana maji ili yasichemke mapema. Mji wa Singida uko juu ya bahari kiasi cha mita 1,500, na katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi kama 95, si 100. Kila kimoja kati ya vitu vile kilichobadilishwa chaweza kweli kuchemsha gari. Lakini hakuna aliyepima.

Aliyepima alikuwa mzee mmoja ambaye amefanya kazi miaka mingi katika karakana za serikali, na sasa ana kibanda chake mjini. Hakukubali kuligusa gari likiwa la moto. Asubuhi yake akajaza maji, akafunga mahali pa mfuniko pampu ndogo ya mkono yenye saa, akatia hewa, akakaa kwenye benchi akinywa chai yake. Mshale wa saa ukaanza kurudi, polepole sana. Hapakuwa na tone chini. Akachukua tochi na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, akakipitisha nyuma ya injini, upande ulioelekea ndani ya gari ambako jicho halifiki, akaniita. Pale silinda hedi inapokaa juu ya bloku palikuwa na mstari mweupe wa chumvi, mbichi bado.

Akanieleza kwamba bloku ya injini hizi ni ya alumini, nazo bolti ziishikazo silinda hedi ni za chuma kigumu. Kwa joto na baridi ya miaka, hesi zilizokatwa katika alumini hudhoofika, hasa za nyuma, bolti zikalegea na hedi ikainuka kiasi kisichoonekana. Maji yakapata njia, yakatoka kidogo kidogo yakakauka juu ya injini ya moto, ndiyo maana hayafiki chini. Na chumvi ile, akasema, ni ya maji ya kisima. Hapa kwetu maji ya visima vingi yana chumvi. Hata maziwa ya Singidani na Kindai yaliyo kando ya mji ni ya chumvi. Mwenye kumimina maji hayo katika injini ya alumini mwaka hadi mwaka huila taratibu. Maji ya rangi yauzwayo kwa ajili ya rejeta yana dawa ya kuzuia kutu, na lita chache za maji hayo hazifiki bei ya kilo mbili za nyama. Kwa upimaji wake alitoza shilingi 30,000.

Tiba alizozitaja zilikuwa mbili. Kutafuta injini ya mtumba Dar es Salaam, ambayo tuliulizia tukaambiwa 2,800,000, mbali na usafiri na ujira, nayo ni ya aina ile ile na umri ule ule, na hapana ajuaye hesi zake zikoje. Au kutoboa upya matundu yote ya bolti na kutia ndani yake vibomba vya chuma vyenye hesi ndani na nje, ili bolti zishike chuma na si alumini. Kazi hiyo hutaka subira, na kifaa cha kutobolea kwa wima kamili.

Tukakaa kikao kwa Mama, sisi watatu pamoja na shemeji yetu, mume wa dada. Ni lazima nieleze haki yake, asije akadhaniwa mtu mbaya. Binti yake alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi, na sisi wajomba tuliahidi kuchangia ada ya mwaka wa kwanza; fedha ilikuwa imekusanywa, shilingi 1,400,000, na hapakuwa na nyingine. Wakati huo huo alikuwapo mfanyabiashara wa mkoa wa jirani aliyeliona gari kabla ya kuharibika, akalipenda, akaahidi 10,500,000 taslimu.

Shemeji akasema, "Kaka, kuna unga wa kuzibia rejeta, pakiti mbili hazifiki elfu thelathini. Ukiutia, gari halitapunguza maji miezi miwili. Tuuze, tugawane, mtoto aende chuoni, na Mama tumtafutie gari jingine polepole. Aliyetuuzia sisi alitwambia nini? Na karatasi ya mauzo imeandikwa kwamba gari lauzwa kama lilivyo."

Mdogo wangu alinyamaza. Mimi nilisema nililolijua, kwamba neno hilo la "kama lilivyo" halimwondolei muuzaji wajibu wa kuitaja aibu aijuayo. Mwanachuoni yeyote wa hapa petu angemwambia hivyo, na kwamba anunuaye akiigundua aibu iliyokuwapo tangu mwanzo ana khiyari ya kurudisha. Kila mtoto wa madrasa amesomeshwa habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni Madina akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini imelowa. Unga wa rejeta ni nafaka kavu iliyowekwa juu. Shemeji akajibu kwamba yote hayo ayajua, lakini ada ya mtoto pia ni haki, na kwamba mimi nina mshahara wa serikali. Sikuwa na jibu la hilo la mwisho, kwa kuwa ni kweli.

Ndipo Mama akauliza, "Huyo anunuaye, ana watu wa nyumbani?" Tukamwambia anao, alikuja na mkewe na mtoto mchanga. Akasema, "Mkwe wangu, mimi nimekaa juu ya lile jiwe. Sitaki kumwazima mtu." Binti mwenyewe alikuwapo, akimimina chai, na kila tulilosema alilisikia.

Mfanyabiashara akaitwa. Mdogo wangu akamweleza yote, na yule mzee fundi akamwonyesha ule mstari kwa kioo. Akakaa kimya, kisha akasema atatoa 7,000,000. Kwa hesabu ya mzee, tiba haikufika nusu ya punguzo hilo, nasi tukakataa. Alitushukuru, akaenda zake. Nasikia alinunua X-Trail Dodoma.

Tukatengeneza kwa fedha ya ada. Daftari lasema hivi: vibomba vya hesi na kukodi kifaa cha kutobolea, kutoka Dar es Salaam, 350,000, seti ya gasketi 180,000, bolti mpya 120,000, kusawazisha uso wa silinda hedi 60,000, oili, chujio lake na maji ya rejeta 130,000, tamosteti mpya 45,000, ujira 400,000. Jumla 1,285,000. Kazi ilichukua siku 9, kwa sababu mzee hakutaka kutoboa tundu hata moja jioni, mwanga ukiwa umepungua.

Binti akakaa nyumbani mwaka mzima. Alikuwa akimsaidia mama yake dukani, na nafasi yake chuoni ikaenda kwa mwingine. Mwaka 2023 aliomba tena, akapata chuo cha mbali zaidi na ada kubwa kidogo, akaanza. Mara mbili katika mwaka ule wa kukaa aliandamana na bibi yake hospitalini katika gari lile lile, akiwa ameshika faili lake mapajani.

Shemeji hajaacha hesabu yake. Asema tulipoteza mwaka wa mtoto na milioni tatu na nusu za mfanyabiashara, na kwamba gari lingali kuukuu vile vile. Na kila tukutanapo sikukuu huniuliza rejeta yajionaje. Nami humwonyesha daftari. Tangu matengenezo yale maji hayajapungua. Katika mwaka uliofuata gari lilitutoa shilingi 612,000, nazo ni za oili mara tatu, betri moja, beringi ya gurudumu la nyuma, na matairi mawili. Na hayo matairi mzee alitulazimisha tutafute yaliyolingana na mawili ya zamani kwa kimo na kwa uchakavu, kwa kuwa gari livutalo kwa magurudumu yote manne likivishwa matairi yasiyolingana husaga giaboksi yake yenyewe. Tuliyapata Singida hapa hapa, ya mtumba, kwa 160,000 yote mawili.